Mgeni wa Ijara na Wasia wa Kunyamaza

Umeenea siku hizi, miongoni mwa waandishi wa safari na wenye nyumba za kupangisha wageni, wasia mmoja utolewao kwa upole wa babu anayemwusia mjukuu, nao ni kwamba mtu akiazimia kulala mahali pasipo pa kawaida, ikiwa ni juu ya mti, chini ya bahari, ndani ya barafu au katika jumba la mawe la karne zilizopita, na apunguze matarajio yake, akumbuke kwamba hayuko hotelini, na lolote litakalomfika, joto likimnyima usingizi au maji yakimkatikia na povu la sabuni lingali mwilini, alihesabu kuwa ni sehemu ya ajabu aliyoijia. Wasia huu umesemwa mara nyingi hata umepata hadhi ya hekima, na athubutuye kuupinga hudhaniwa kuwa ni mtu wa anasa, mlalamishi, asiyejua thamani ya mambo ya kale. Mimi naupinga. Naupinga si kwa kuwa wageni ni malaika, kwani wengi wao si malaika, bali kwa kuwa unamwondolea mwenye nyumba dhima iliyo yake, unambebesha mgeni dhima isiyo yake, na juu ya mawili hayo unaisingizia nyumba ila ambayo haikuzaliwa nayo.

Insafu inanilazimu nianze kwa kukiri lililo kweli katika kauli ya wapinzani wangu. Wako wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda, wakavushwa kwa mashua hadi gati ya Lamu, wakawaona punda wakipita na mifuko ya saruji mgongoni, kisha wakauliza gari la kuwafikisha mlangoni liko wapi; wako wanaotaka adhana ya alfajiri ipunguzwe sauti, kana kwamba msikiti ulijengwa jana ili kuwaudhi; na wako wanaostaajabu kwamba ngazi iliyojengwa kabla ya babu zao kuzaliwa haikupimwa kwa ajili ya sanduku lenye magurudumu. Malalamiko yao hayana uzito, wala sitapoteza wino kuyatetea. Lakini na tutazame ni dawa gani inayowafaa watu hawa. Mtu aliyeambiwa asitarajie mengi bado hajaambiwa neno: hajui kama msikiti uko ukuta wa pili au mtaa wa tatu, hajui kama ngazi ina vidato vinane au arobaini, hajui kama maji ya kuogea ni matamu au yana chumvi. Amepewa huzuni ya mapema badala ya habari, na kwa kuwa habari hana, atakapofika atashangaa vilevile, ila sasa atashangaa kimyakimya. Na kimya hicho ndicho, nachelea, kinachotafutwa na wenye wasia huu.

Wako watu wa mbali waliolifanya jambo hili vizuri, tena mahali ambapo udhuru ungalikuwa mwepesi kuliko kwetu. Katika kijiji cha Jukkasjärvi, kaskazini kabisa mwa Uswidi, hujengwa upya kila majira ya baridi hoteli ya barafu na theluji, kwa mapande yanayokatwa katika mto Torne, nayo huyeyuka jua linaporudi. Ndani ya vyumba vyake baridi huwa baina ya nyuzi 5 na 8 chini ya sifuri. Mwenye hoteli hiyo hamwambii mgeni apunguze matarajio. Humwambia nyuzi ni ngapi, humpa mfuko wa kulalia unaoiweza baridi hiyo, humtandikia ngozi za wanyama juu ya kitanda cha barafu, na choo na mahali pa mizigo huviweka katika jengo lenye joto, kisha humwachia mgeni hiari yake. Mgeni wa namna hiyo huja na matarajio makubwa wala si madogo: anatarajia baridi ya kiasi alichotajiwa, na anatarajia mfuko utakaoishinda. Lau ungetoka mfuko uliopasuka, na mwenye hoteli akajibu kwamba hii ni nyumba ya barafu, ulitarajia nini, hapana mtu mwenye akili ambaye asingemcheka. Kule Key Largo, katika jimbo la Florida, kuna nyumba ya kulala wageni iliyo chini ya maji, Jules' Undersea Lodge, iliyofunguliwa mwaka 1986, ambayo mgeni huiingia kwa kupiga mbizi na kutokea kwenye uwazi ulioko sakafuni. Naye huonywa kwamba akishalala humo asipande ndege mpaka zipite saa 24, kwa sababu ya hewa iliyoshindiliwa mwilini mwake. Huko hakuna awezaye kujificha nyuma ya maneno matamu ya ujasiri na ajabu, kwani taksiri ya saa moja ni mauti.

Na ikiwa mifano ya Uswidi na Marekani inaonekana kuwa ya kuazima, tunao wetu. Mwaka 1932, katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, Eric Sherbrooke Walker alijenga juu ya mti wa mugumo kibanda cha vyumba viwili kilichoitwa Treetops, ili wageni wakae usiku wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Habari inayokaririwa ya mahali hapo ni ile ya Malkia Elizabeth, aliyepanda ngazi akiwa binti wa mfalme na akashuka akiwa malkia, kwa kuwa baba yake alifariki usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952. Habari hiyo imechakaa kwa kusimuliwa; mimi nautaja mti ule kwa sababu nyingine. Wageni wake walitakiwa kwenda kwa miguu msituni wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki, wapande ngazi, kisha wanyamaze wasiwatimue wanyama, na yote hayo waliyajua kabla ya kuondoka hotelini Nyeri. Hayakuwa masharti ya raha. Lakini sharti lilikuwa la pande mbili, kwani mgeni alipotakiwa anyamaze, mwenyeji alitakiwa awe na bunduki iliyo tayari na ngazi iliyo imara. Na kama kipago kimoja cha ngazi ile kingalikuwa kimeoza, sidhani kwamba yeyote angalithubutu kumwambia binti wa mfalme, au mgeni aliye chini ya hapo, kwamba kuoza huko ni sehemu ya ajabu ya msitu.

Sasa nirudi katika miji yetu ya mawe, maana huku ndiko wasia huu unakofanya uharibifu mkubwa zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na nyumba nyingi zilizokuwa maskani ya aila zimegeuzwa malazi ya wageni. Mgeni akilalamika kwamba chumba kina joto la tanuri na harufu ya ukungu, jibu analopewa ni moja tu: hii ni nyumba ya kale, ndugu yangu, vumilia. Nasema jibu hilo ni uzushi, na wanaozuliwa ni mafundi waliokufa ambao hawana wa kuwatetea.

Nyumba ya mawe ya Lamu haikujengwa na watu waliokuwa wakipenda kutokwa jasho. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake aghalabu hufika nusu mita, hata joto la mchana huchelewa kupenya. Dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya namna hiyo haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vikawa virefu na vyembamba, vikapangwa sambamba, mmoja nyuma ya mwenziwe. Mtu aingiapo hupita dakani penye viti vya mawe, akapita tekani, akatokea kiwandani, na kiwanda hicho, kilicho wazi kwa mbingu, ndicho pumzi ya nyumba, kwani hapo ndipo hewa iliyopata moto hupandia na nyingine ikavutwa kutoka vichochoroni ambako jua halifiki ila saa chache. Kutoka kiwandani huanza misana, ndiyo vile vyumba virefu, iliyogawanywa kwa mapazia wala si kwa milango, ili hewa isizuiwe, na mbele zaidi ndiyo ndani, yenye ukuta wa zidaka zilizotiwa nakshi za chokaa. Chooni mlikuwa na birika la maji, na ndani ya birika waliishi samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Juu ya yote, palipoezekwa makuti, upepo wa kaskazi na wa kusi hupita kwa zamu zake, na huko watu hulala usiku wa joto. Wala mgeni hakusahauliwa, maana palikuwapo sabule, chumba cha wageni kilicho karibu na mlango, ili mgeni apate faragha yake na watu wa nyumba wapate yao. Watu waliofikiri mpaka wakamkumbuka mbu na samaki wake wangaliwezaje kulisahau joto?

Yaliyotokea baadaye ni haya. Mnunuzi mpya aliona kiwanda ni nafasi isiyoleta fedha, akakifunika kwa mabati ya plastiki yapitishayo mwanga, akaweka hapo meza ya mapokezi na sofa. Akauona msana kuwa ni mrefu bure, akaukata kwa ukuta wa jipsamu, ukawa vyumba viwili vyenye vitanda viwili na mapato mawili. Mapazia akayatoa, akatia milango yenye kufuli. Na baada ya kuiziba nyumba pumzi zake zote akaitundikia kiyoyozi, kama apaswavyo mtu aliyemfunga mwingine kitambaa puani kumletea chupa ya hewa. Umeme ukikatika, mgeni anahemewa. Na umeme hukatika: Zanzibar, inayoletewa umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka bara, ilikaa bila umeme huo tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, katika kaskazi yenyewe, miezi ya joto kali kuliko yote. Katika miezi ile nyumba iliyokuwa na kiwanda wazi ilikaliwa, na nyumba iliyozibwa ilikimbiwa au ilitiwa jenereta la kunguruma usiku kucha. Joto analolalamikia mgeni, basi, si la zama za Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar. Ni la mkandarasi wa juzi.

Hali ni hiyohiyo katika suala la harufu. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na kwa muda wote unapoachwa ufanye hivyo hukaa mkavu kiasi cha kutosha. Lakini ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi ya matumbawe hukosa pa kutokea, hujikusanya nyuma ya lipu, lipu ikavimba, ikatoa malengelenge, ikaanguka vipande vipande, na chumba kikanuka kama kisima kilichoachwa. Fundi yeyote wa chokaa aliyeshika mwiko katika Mji Mkongwe atakwambia haya bila kuulizwa mara mbili. Katika nyumba moja, ambayo sitaitaja, niliwahi kuelezwa kwa uso mkunjufu kwamba harufu ile ni harufu ya historia. Nilinyamaza kwa staha, na staha yenyewe, nikiifikiria sasa, haikuwa na sababu.

Wapinzani wangu hukimbilia hapo katika adabu ya mgeni. Husema, na husema kwa ufasaha, kwamba desturi ya pwani yetu humkataza mgeni kuzihesabu ila za nyumba iliyompokea, kwamba anayekula wali wa watu hasemi umeungua. Desturi hiyo naijua na naiheshimu. Lakini ni desturi ya mgeni aliyekaribishwa, aliyepewa cha nyumba kwa mapenzi ya nyumba, na si ya mtu aliyelipa ijara mbele, pengine miezi kabla ya kufika, kwa kadi, na kwa masharti ya kutorudishiwa hata senti akighairi. Wahenga waliosema mgeni siku mbili na ya tatu apewe jembe walimsema mgeni asiyelipa. Huyu wetu amekwisha kulima huko kwao, na mavuno ameyaleta mkononi. Kumtoza ijara ya mpangaji na kumdai kimya cha mgeni wa heri ni kula pande zote mbili.

Na ijara ina hukumu zake, ambazo watu wa pwani walizijua zamani kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa. Katika fikihi, manfaa yanayokodishwa sharti yajulikane, na mwenye kukuta aibu asiyoelezwa anayo hiari ya kuurudisha mkataba. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akaambiwa ni mvua, naye akataka kujua kwa nini ile iliyolowa haikuwekwa juu watu wakaiona. Mwuzaji hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuiweka nafaka kavu juu na iliyolowa chini, na hivyo ndivyo zinavyopangwa picha za malazi mengi ya ajabu: kitanda cha nakshi juu, bomba kavu chini. Kwa wale wasiopenda hoja zinazotoka katika dini, Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango cha kuridhisha, na pia haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Sikuona humo mstari unaozitoa nyumba za kale, wala za juu ya miti.

Husemwa tena kwamba sheria za hifadhi zinamfunga mwenye nyumba mikono, asiweze kumpa mgeni raha. Hoja hii ingalikuwa na nguvu kama isingalikuwa kinyume cha mambo yalivyo, kwani kufunika viwanda, kukata vyumba na kupiga saruji ndiyo mambo hasa ambayo wahifadhi huyapinga. Mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe iliundwa tangu mwaka 1985, na kama rai yake ingalifuatwa nyumba nyingi zingalikuwa baridi zaidi. Ukale nao hausimamishi ukuta. Beit al-Ajaib yenyewe ya Mji Mkongwe, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo jina lake limetokana na ajabu, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu waliokuwa kazini wakafa. Mgeni anapouliza kama ngazi, roshani au boriti ya juu ya kitanda chake imekaguliwa, swali lake si la anasa.

Hoja iliyobaki ndiyo nzito, na nimeiacha nyuma kwa sababu inanigusa. Wanasema: unamwonea mjane wa Lamu, mwenye nyumba ya urithi na chumba kimoja cha kupangisha, asiye na fedha ya fundi wala ya jenereta, mgeni akianza kudai, mjane huyu atauza nyumba kwa tajiri wa nje. Nakubali kwamba mjane huyo yupo, tena si mmoja, na nakubali kwamba nyumba zimekwenda kwa namna hiyo. Lakini nani hasa anayelindwa na wasia wa kunyamaza? Mjane hakukifunika kiwanda chake, kwa kuwa hakuwa na fedha ya kukifunika. Kuta zake zingali za chokaa, kwa kuwa saruji ilimshinda bei. Na kama choo ni cha shirika na maji ni ya kuchota kwa kata, yeye huyasema hayo mlangoni kabla ya kupokea kitu, na ujira anaoutaka unalingana nayo. Nyumba yake, kwa umaskini wake, ndiyo iliyo bora kulala usiku wa Februari. Mwenye kuhitaji kimya cha mgeni ni jirani yake aliyetumia mamilioni kuiharibu nyumba kama hiyo, anayetoza mara kumi, na ambaye picha zake humfanya mjane aonekane duni. Kila mgeni anaponyamazishwa kwa jirani, soko linakosa kujua tofauti baina ya nyumba mbili hizi, na hilo ndilo linalomfukarisha mjane, si malalamiko.

Tena habari ikitolewa kwa ukamilifu, mgeni mwenyewe hubadilika. Mwambie kwamba asipoteze maji, atakuona bahili. Mwambie kwamba maji ya Lamu yanategemea mvua iliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kwamba yakitekwa kupita kiasi bahari huingia mahali pake na visima vikageuka chumvi, na hata yule mwenye sanduku la magurudumu atafunga bomba. Aliyepunguziwa matarajio huvumilia tu, na moyoni ana kinyongo. Aliyeelezwa sababu huwa mshirika katika mji kwa siku zile chache.

Hofu ya wenye nyumba ni kwamba ukweli utawafukuza wateja. Basi na waandike, kwa lugha yoyote waitakayo, kwamba nyumba ni ya mawe na ina ghorofa mbili, kwamba ngazi ni nyembamba na mwinuko wake ni mkali, kwamba gari halifiki na mizigo italetwa na punda au hamali, kwamba adhana ya alfajiri itasikika kwa karibu, kwamba maji ya bafu yana chumvi kidogo na ya kunywa yamo mtungini, kwamba chumba cha chini ni cha baridi lakini kina giza na cha juu kina upepo lakini kina joto la mchana, kwamba umeme hukatika na ukikatika kuna taa ya betri na godoro la juu darini chini ya makuti, na kwamba ujira ni kiasi fulani kwa sababu ya hayo yote. Tangazo la namna hiyo halijazi nusu ukurasa. Picha nazo na zibaki, mradi ile ya kitanda ipigwe na mtu aliyesimama mlangoni, si aliyejibanza katika pembe ya dari ili msana wenye upana wa hatua tatu uonekane kama ukumbi wa baraza la mfalme.